Milango ya Mji wa Kale: Nembo Tunazopita Bila Kuzisoma

TOA sarafu moja mfukoni uigeuze upande wenye nembo ya taifa. Hata mtoto wa shule ya msingi atakueleza bila kubabaika: simba wawili wamesimama na mikuki, kati yao pana ngao, ndani ya ngao jogoo ameshika shoka, na chini yake limeandikwa neno Harambee. Amefundishwa, kwa hivyo anasoma. Sasa mchukue mtoto huyo huyo hadi Mji wa Kale, Mombasa. Msimamishe Ndia Kuu mbele ya mlango uliochongwa maua, minyororo na samaki, kisha umwulize mlango huo wasema nini. Yamkini atanyamaza. Na huenda wewe uliyempeleka ukanyamaza pia.

Si ajabu. Milango ile tumeizoea. Wanafunzi hupita mbele yake asubuhi wakienda shule, wazee hukaa barazani jioni wakiipa mgongo, na watalii huipiga picha mchana kutwa. Kila mtu anaijua kwa macho, lakini wanaoweza kuisoma wanapungua mwaka baada ya mwaka. Na kitu kisichosomeka, msomaji, ni rahisi sana kuuzwa.

NGAO ZA WENZETU

Kabla hatujaingia vichochoroni, tutupe jicho Ujerumani, kwa maana huko nako watu wana mbao zao za kuchongwa ambazo zinawatatiza. Tangu karne ya 12, mashujaa wa Ulaya walipokuwa wakipigana wamefunika nyuso kwa kofia za chuma, walijitambulisha kwa picha zilizotiwa kwenye ngao: simba, tai, msalaba, nyota. Baadaye vita vya namna hiyo vikaisha lakini picha zikabaki. Koo, miji na vyama vya mafundi vikawa na nembo zao, na nembo hizo zikachongwa kwa mbao na kutundikwa kwenye kumbi na makanisa. Katika makanisa ya kale ya mji wa Nuremberg, kwa mfano, zilitundikwa ngao za mbao za kuwakumbuka marehemu wa koo kubwa, zikiwa na jina na tarehe ya kufariki pembeni mwake.

Siku hizi mbao kama hizo hupatikana katika maduka ya vitu vya kale, na wako watu wanaozikusanya kwa mapenzi makubwa. Kazi yao si kununua tu, bali ni kuzisoma. Ukiona gurudumu la kinu kwenye ngao, huenda wenyewe walikuwa ukoo wa Müller, jina lenye maana ya msagaji. Ukiona samaki, huenda ni ukoo wa Fischer, yaani mvuvi. Aliyekwama hufungua vitabu, na vitabu vipo: Johann Siebmacher wa Nuremberg alichapisha mkusanyo wake mashuhuri wa nembo mwaka 1605.

Hata hivyo, pamoja na vitabu vyote hivyo, iko ngao inayomshinda msomaji. Hiyo ni ile iliyong'olewa ukutani zamani, maandishi yake yakafutika, ikauzwa mara tatu au nne bila karatasi. Samaki wake bado ni samaki, lakini ni samaki wa nani? Hapo ndipo Mjerumani mwenye ngao yake na Mswahili mwenye mlango wake wanapokutana.

VIUNGO VYA MLANGO

Anayetaka kusoma kitabu hujifunza herufi kwanza. Mlango wa Pwani nao una viungo vyake, na kila kiungo kina jina.

Mbao mbili zinazosimama kando ni miimo. Ubao unaolala chini unaoruka ukiingia ni kizingiti, na juu upo mwingine unaofunga fremu, ambao mara nyingi ndio uliopambwa kuliko vyote. Mlango wenyewe una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, moja ikiitwa mlango dume na ya pili mlango jike. Katikati, pale zinapokutana, pana mti uliosimama wima ukifunika pengo. Huo ndio mfaa, na mchongaji aliyejua kazi aliupa jasho lake.

Mlango wa kale hauna bawaba za dukani. Kila ubao una ncha juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye fremu. Ndiyo maana ukifunguliwa husikika ule mlio mzito ambao waliolelewa Kibokoni na Kuze wanaujua vyema. Mbao zenyewe zilikuwa za miti migumu: mbambakofi, mvule, mfenesi, na msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi kwa majahazi.

Ufundi huu si wa jana. Wareno walipofika Pwani mwanzoni mwa karne ya 16, mmoja wao, Duarte Barbosa, aliisifu milango ya mbao iliyochongwa ya Kilwa. Lakini mingi ya milango tunayoiona leo ni ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati biashara ya pembe na karafuu ilipoleta utajiri Unguja na Mombasa, na baadaye reli iliyoanza kujengwa hapa kisiwani mwaka 1896 ilipoongeza pilikapilika za bandari. Tajiri alijenga, na jambo la kwanza ambalo mgeni angeliona ni mlango.

MIKONO TOFAUTI

Ukiangalia kwa makini utatambua kuwa milango haikutoka mkono mmoja. Iko ile yenye fremu ya pembe nne na ubao wa juu ulionyooka, wenye maua ya duara na maandishi ya Kiarabu. Hiyo huhusishwa na Waomani na mafundi wao. Iko ile yenye sehemu ya juu iliyopinda kama nusu mwezi, iliyojaa majani na maua yaliyosongamana. Hapo utaona mkono wa mafundi kutoka Gujarat na sehemu nyingine za India. Na iko ile iliyokatwa michoro ya pembe na duara zisizo na majani mengi, mtindo wa visiwa vya Lamu na Wabajuni, ambako mji wa Siyu ulisifika kwa mafundi wake.

Mombasa, kwa kuwa ni bandari, ilipokea mikono yote hiyo. Katika mtaa mmoja wa Ndia Kuu au barabara ya Mbarak Ali Hinawy unaweza kuona milango ya jamii tatu imepangana kama majirani barazani, na juu yake roshani za mbao zenye mapambo yake. Wakati mwingine mitindo miwili hukutana katika mlango mmoja, kwa sababu fundi alitazama kazi ya mwenzake akaipenda.

SAMAKI, MNYORORO NA UA

Sasa tuje kwenye picha. Ukimwuliza anayetembeza wageni, atakupa maana moja baada ya nyingine bila kupumua. Samaki ni uzazi na riziki tele. Mnyororo ni ulinzi wa nyumba, au kwa mwingine ni alama ya biashara ya watumwa. Mtende na ubani ni utajiri. Ua la yungiyungi ni uhai. Misumari mikubwa ya shaba, atasema, ilitumika India kuwazuia ndovu wa vita wasivunje milango.

Maelezo haya ni matamu, nayo si ya kutupiliwa mbali. Ila yapokee kwa tahadhari. Mji wa Kale haukuwahi kushambuliwa na ndovu wa vita, kwa hivyo hapa misumari ya shaba ilikuwa pambo na alama ya uwezo wa mwenye nyumba. Mnyororo nao huzunguka fremu za nyumba nyingi mno, za watu wa kazi mbalimbali, kiasi kwamba huwezi kuutazama ukamhukumu aliyejenga kuwa alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Na samaki, kinyume na yule wa akina Fischer, si jina la ukoo. Kwa kawaida hukaa chini ya miimo, penye mistari kama mawimbi, kisha mmea huota kutoka hapo ukapanda hadi juu. Mwenye kuyatazama hayo yote pamoja huona maji, kisha uhai unaotokana na maji. Mwenye kumtazama samaki peke yake huona samaki tu.

Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya ngao ya Mjerumani na mlango wetu. Ngao yake ilikuwa mali ya ukoo mmoja na ilikuwa na kanuni zake. Picha za milango yetu zilikuwa mali ya wote. Fundi alizijua, mwenye nyumba alizichagua kwa kadiri ya mfuko wake, na jirani akazitaka kama zile zile. Kwa hivyo picha hukueleza habari za jamii na zama. Ukitaka kujua habari za mtu, tafuta maandishi.

HERUFI NA TAREHE

Tazama ubao wa juu. Katika milango mingi yenye maandishi utakuta Bismillahi, aya ya Kurani au dua ya kuilinda nyumba. Katika baadhi yake utakuta zawadi kubwa zaidi, yaani jina la mwenye nyumba na mwaka. Kazi hiyo ilihitaji fundi anayejua patasi na kalamu pia, au fundi aliyeshirikiana na mwandishi. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa na vipaji hivyo kwa pamoja: mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji wa mbao.

Mwaka unaoandikwa ni wa Hijria, na wanafunzi wanaweza kuugeuza kwa hesabu nyepesi. Gawanya mwaka wa Hijria kwa 33. Jibu utakalopata liondoe katika mwaka ule ule, kisha ongeza 622. Chukua mfano wa 1310. Ukigawanya kwa 33 unapata karibu 40. Ondoa 40 kutoka 1310, unabaki na 1270. Ongeza 622, unapata 1892. Hesabu hii yaweza kukosea kwa mwaka mmoja hivi, lakini kwa anayesimama kichochoroni na penseli inatosha.

Tahadhari mbili, msomaji. Katika tarakimu za Kiarabu, duara dogo lililo wazi si sifuri bali ni tano. Sifuri ni nukta tu, na tundu la mdudu anayekula mbao laweza kufanana nayo sana. Wako watakaokuambia mlango una miaka mia tatu kumbe wamehesabu kazi ya mdudu.

JIWE LA NGOMENI

Anayetaka kuona thamani ya maandishi yaliyobaki mahali pake asiende mbali. Pale Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, juu ya lango kuu pana maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Yanaeleza kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27, alifanywa kapiteni wa ngome, akaikarabati na kuitiisha Pwani. Miaka minne nyuma, mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alikuwa amewaasi Wareno na kuiteka ngome hiyo.

Jiwe hilo linajisifu, na haishangazi, kwa kuwa aliyelipia maneno ndiye aliyechagua ya kusemwa. Lakini kwa kuwa liko pale pale lilipowekwa, mwanafunzi anaweza kulisoma, kuitazama ngome na kupima mwenyewe ukweli na majivuno. Lingekuwa sebuleni kwa mtu ughaibuni, lingekuwa jiwe lenye jina la kijana asiyejulikana.

MLANGO UKING'OLEWA

Hapo ndipo penye uchungu. Nyumba za Mji wa Kale zimezeeka. Chokaa inabambuka, boriti zinaliwa na mchwa, na mara nyingi warithi ni wengi na wametawanyika. Kuezeka upya ni gharama. Katika hali hiyo akija mtu na fedha mkononi kuutaka mlango, familia hujiuliza swali gumu: tuhifadhi ubao au tuwalipie watoto karo? Asiyewahi kuwa na dari inayovuja asiharakishe kuwalaumu.

Ila ni vyema familia hiyo ijue inauza nini. Kwanza, sheria imeutaja mlango kwa jina lake. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Anayefanya biashara ya vitu kama hivyo anatakiwa awe na leseni, na kuvitoa nje ya Kenya kunahitaji kibali. Ni vitu vichache vya nyumbani vilivyopewa heshima hiyo. Kitanda cha babu hakikutajwa, wala sanduku la bibi, lakini mlango umetajwa. Kwa hivyo kabla ya kupatana bei, swali la kwanza lipelekwe kwa maafisa wa Makavazi pale Fort Jesus.

Pili, mlango ukitoka unaacha nusu ya maana yake nyuma. Ulikuwa mlango wa nyumba fulani, katika mtaa fulani, ukielekea msikiti au pwani, uliowapitisha maharusi na majeneza ya ukoo fulani. Mnunuzi anapata maua na minyororo. Habari hizo nyingine hazibebeki kwa mkokoteni.

KWA ANAYENUNUA

Wako pia wapenzi wa vitu vya kale wanaokusanya kwa nia njema, na hao nao wanahitaji macho. Si kila mlango mweusi ni wa kale, maana mafundi wa leo ni hodari na rangi ni rahisi kupatikana. Chunguza upande wa nyuma, ambao mwenye kughushi huusahau. Mbao za kale huonyesha alama za tezo na patasi, zisizolingana, wala si mistari iliyonyooka ya mashine. Misumari ya mhunzi haifanani mmoja na mwingine, ilhali ya kiwandani ni pacha. Kizingiti cha kweli kimelika katikati, pale miguu ilipopita miaka na miaka. Angalia zile ncha za kuzungukia, kwani kama hazikulika, mlango huo haukufunguliwa mara nyingi. Tazama pia kama miimo, mfaa na ubao wa juu vina michoro ya mkono mmoja, kwa sababu iko milango iliyounganishwa kutoka nyumba tatu ikauzwa kama mmoja.

Zaidi ya yote, uliza ulikotoka. Muuzaji asiyeweza kukutajia mtaa wala nyumba, ama hajui au hataki ujue. Katika hali zote mbili, mfuko wako uko hatarini.

Mlango ulio nyumbani kwako usiukwaruze kwa msasa ili ung'ae, wala usiupake vanishi nzito. Msasa hula mchongo, na herufi iliyolika hairudi. Futa vumbi kwa brashi laini, zuia maji yasisimame kizingitini, na pambana na mchwa mapema.

DAFTARI LA NYUMBANI

Wataalamu wamefanya sehemu yao. Judith Aldrick alichapisha utafiti wake kuhusu milango ya karne ya 19 ya Pwani mwaka 1990, na mwaka 1998 Mwalim A. Mwalim akatoa kitabu juu ya milango ya Unguja. Kazi hizo zinaeleza mitindo na zama. Lakini hakuna mtaalamu anayeweza kuandika kwamba mlango huu aliuagiza babu yako, kwamba fundi alikuwa nani, au kwamba ile pengo kwenye mfaa ilitokana na kisa gani. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee hawadumu.

Kwa hivyo iko kazi ambayo familia yoyote inaweza kuifanya Jumapili hii bila kutumia hata shilingi. Piga picha mlango mzima, kisha ubao wa juu, miimo na mfaa, kila kimoja peke yake. Pima urefu na upana. Nakili maandishi, na kama hujui Kiarabu mwombe mwalimu wa madrasa akusomee. Andika jina la mtaa na la nyumba. Kaa na bibi au babu, uulize nani alijenga, nani alirithi, mlango ulitengenezwa lini, ukaandike kama anavyosema. Weka nakala mbili, moja nyumbani na moja kwa jamaa aliye mbali.

Ukifanya hivyo, hata ikiwa siku moja paa litaanguka, au warithi wataamua vingine, mlango huo hautakuwa kama ile ngao isiyo na karatasi ambayo hata vitabu vya Nuremberg haviwezi kuitaja jina. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walipotunga methali hiyo yamkini waliwaza fedha na mizigo ya jahazi, lakini inaukaa mlango barabara.